Muziki Ulioondoka na Simu

Jumatatu moja, mwanzoni mwa muhula, nilirejea nyumbani kabla ya saa yangu ya kawaida kwa kuwa nilikuwa nimezisahau mezani daftari za insha za wanafunzi. Nilimkuta mama ameketi kochini, mikono mapajani, macho dirishani. Nyumba ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Nikamwuliza mbona hajifungulii hata wimbo mmoja wa kujiliwaza. Akanitazama kwa utulivu wa watu waliokwisha kuona mengi, akanijibu: "Muziki mmeondoka nao asubuhi, Mwalimu."

Msomaji, jibu hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Nyumba yangu, iliyoko hapa Kihoto mjini Naivasha, haina upungufu wa muziki. Sebuleni mna spika moja yenye ukubwa wa birika, jikoni mna nyingine ndogo, na zote mbili hazina waya wowote ila ule wa umeme. Mwanangu aliye chuoni ndiye aliyezileta na kuzifunga kwa fahari kubwa. Ukitaka wimbo, wagusa kioo cha simu. Ukitaka sauti ipande, wateleza kidole. Ukitaka jikoni paimbe taarabu na sebuleni paimbe rumba, yawezekana pia. Lakini spika zenyewe hazina kitufe cha maana. Na simu zinazoziamuru ni tatu: yangu huenda nami shuleni, ya mke wangu huenda katika shamba la maua anakofanya kazi, na ya kijana huenda chuoni. Anayebaki ni mama na simu yake ya mulika-mwizi, ambayo yajua kupiga, kupokea na kumulika, basi.

Yafaa nieleze jinsi mama alivyofika kwangu. Kihoto ni mtaa ulio baina ya mji na Ziwa Naivasha, na jina lake katika lugha ya Kikuyu lina maana ya haki, au hoja isiyopingika. Ziwa halikusikiliza hoja. Mwaka 2020 lilifura, likavuka mipaka yake na kuingia katika nyumba za upande wa chini. Mwishoni mwa 2025 likarudi, likapenya ndani zaidi na kuwahamisha watu kwa maelfu. Sisi tunaokaa upande wa mjini lilituepuka mara zote mbili. Nyumba ya wazazi wangu ilikuwa miongoni mwa zile lilizozichukua mwanzo. Tulivusha magodoro, sufuria na kuku kwa mashua. Kilichosalia nyuma kwa siku tatu, kwa sababu ya uzito wake, ni kabati la marehemu baba.

Vijana mniwie radhi, kwani huenda hamjapata kuliona kabati la namna hiyo. Lilikuwa sanduku kubwa la mbao iliyong'arishwa, ndani yake mna redio upande mmoja na gramafoni upande wa pili, na mbele yake vitufe viwili vya kuzungusha: kimoja cha sauti, kimoja cha kutafutia kituo. Baba hakuruhusu mtoto avishike. Lakini baba alikuwa mtu wa kazi, na alipotoka tu mama alikuwa mtawala wa kabati lile mpaka jioni. Mama hakupita darasa la pili, ila hakupata kuhitaji msaada wa mtu ili kuisikiliza Sauti ya Kenya, kama kituo cha taifa kilivyoitwa tangu 1964 hadi kilipopewa jina la KBC mwaka 1989. Alizungusha kitufe mpaka kikalia "tak", akaendelea kuchambua maharagwe huku akisikiliza watu wa Busia wakiwatumia salamu watu wa Voi.

Maji yaliliua kabati lile. Santuri hayakuziua. Majalada yake ya karatasi yaliyeyuka kama uji, lakini plastiki haiozi, na matope huoshwa. Tulizisafisha sitini na mbili kwa sabuni na kitambaa laini, tukazianika kivulini. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika nne au tano hivi, ndiyo maana wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule, na msikilizaji akalazimika kuinuka kuigeuza. Kijana wangu aliazima gramafoni ya kisasa inayounganishwa na tarakilishi, akazinakili zote likizo nzima. Kwa hiyo sauti alizozipenda marehemu baba zingali humu nyumbani, katika tarakilishi kuukuu iliyowekwa chini ya meza. Ni mama tu asiyeweza kuzifikia.

Hapa naomba nitoke kidogo nje ya sebule yangu, kwa kuwa wanafunzi wengi hudhani kwamba muziki huu usio na waya lazima utoke kwenye intaneti, na kwamba bando likiisha wimbo nao umekwisha. Sivyo. Ziko njia mbili za kuupeleka muziki spikani pasina waya, na tofauti yake ni kubwa.

Njia ya kwanza ni Bluetooth, iliyoanzia kwa wahandisi wa kampuni ya Ericsson mjini Lund, nchini Uswidi, mwaka 1994, na baadaye ikapewa lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Ni redio ndogo ya masafa mafupi. Hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4 na hurukaruka kutoka mkondo hadi mkondo mara 1,600 kwa sekunde ili isigongane na vyombo vingine. Katika njia hii simu yenyewe ndiyo mwimbaji. Ukitoka nayo hadi langoni, wimbo hukwama kooni. Na spika nyingi za bei nafuu hazina adabu ya kuchagua mgeni. Jioni moja mama akiongoza sala kabla ya chakula, simu ya jirani ilijiunga na spika yetu, na kabla ya "amina" tukafunguliwa wimbo ambao siwezi kuutaja katika ukurasa unaosomwa na wanafunzi.

Njia ya pili ni Wi-Fi. Hapa kile kisanduku cha ukutani, ruta, hutengeneza mtandao wa nyumba, na mtandao huo waishi hata kama hujalipia intaneti mwezi huu. Nyimbo zimo katika tarakilishi iliyo chini ya meza. Simu hutuma amri tu, "cheza ule pale," nayo spika huenda yenyewe kuuchukua wimbo katika tarakilishi. Ukiizima simu, wimbo waendelea. Yaani simu hapa haiimbi chochote. Ni kitufe, hali moja na vile vitufe viwili vya kabati la baba. Na hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Muziki haukuondoka na simu. Muziki ulibaki nyumbani mchana kutwa, futi sita kutoka alipoketi mama. Kilichoondoka ni kitufe.

Tusidhani kwamba balaa hili ni la Kihoto pekee. Kampuni ya Sonos ya Marekani, iliyoundwa mwaka 2002, ni mojawapo ya zile zilizotangulia kuuza spika za namna hii. Ilipotoa mtambo wake wa kwanza mwaka 2005, uliandamana na kidude cha mkononi chenye gurudumu la kuzungushwa kwa kidole, ambacho mtu angeweza kukiacha mezani kwa matumizi ya yeyote aliyemo. Simu zikaenea, kidude kikaonekana kizee; mwaka 2018 kampuni ikaamua kwamba hakitafanya kazi tena. Kisha Mei 2024 programu ya simu iliyochukua nafasi yake ikabadilishwa kwa mpigo mmoja. Wateja wakakosa mambo waliyoyazoea, mathalani kengele ya kuwaamsha, na watumiaji wasioona wakalalamika kwamba mpango mpya hawauwezi. Mkurugenzi mkuu, Patrick Spence, aliondoka Januari 2025. Watu hao walikuwa wamelipa pesa nyingi kwa spika zilizo katika nyumba zao wenyewe, lakini kitufe kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Sisemi turudi kwenye makabati. Nani angependa kulibeba tena katika mashua? Wala siudharau mtandao. Joseph Kamaru, ambaye mama humpenda kuliko wanamuziki wote, alifariki Oktoba 2018, na mjukuu wake wa jina lilo hilo, msanii wa sauti ajulikanaye kama KMRU, amekuwa akizirejesha nyimbo za babu yake kwa ulimwengu kupitia mtandao wa Bandcamp. Ni kazi ya heshima kubwa. Leo kijana wa Berlin au Tokyo aweza kumsikiliza Kamaru akiwa kitandani. Ila mwanamke aliyezicheza nyimbo hizo zikiwa mpya, anayefahamu kila fumbo lililomo, ameketi kochini Naivasha akingoja mtu mwenye nywila arudi kutoka kazini.

Mwenzangu anayefundisha fizikia alinicheka katika chumba cha walimu. "Mnunulie mzee simu ya kioo, yaishe," akasema. Nikamnunulia. Vidole vya mama vimeshika jembe miaka arubaini. Ngozi yake imekauka, na kioo mara nyingi hakikumhisi. Herufi zilikuwa ndogo na nyingi zilikuwa za Kiingereza. Mara simu ilimtaka akubali hiki, mara aahirishe kile, mara aandike upya nywila ambayo hakuwahi kuiandika. Siku ya nne aliirudisha ikiwa imefungwa katika leso, kama mtu arudishaye pesa asizozitambua. "Redio ilikuwa ikiniimbia," akasema. "Hii yaniuliza maswali."

Basi wewe mwanafunzi unayesomea tarakilishi, ambaye bila shaka jamaa zako hukuita kila wanaponunua spika, fikiri kabla ya kuondoka: je, saa nne asubuhi ni nani aliyemo katika nyumba hii? Aghalabu ni bibi, ni msaidizi wa nyumbani, ni mtoto asiyeanza shule, ni mgonjwa. Hao ndio wanaouhitaji muziki kuliko sisi tulio mbioni, na hao ndio tuliowapokonya kitufe bila hata kujua kwamba tumewapokonya.

Kwetu ufumbuzi ulipatikana wakati wa likizo ya Desemba, nao haukuwa wa ajabu. Kijana alinunua kibao kidogo cha tarakimu, kile ambacho makarani huunganisha na tarakilishi kwa ajili ya hesabu. Akakichomeka katika ile tarakilishi kuukuu na kuipangia kila tarakimu kazi yake. Juu ya vitufe akabandika vipande vya nguo ambavyo mama aliviteua mwenyewe: chekundu ni Kamaru, kijani ni nyimbo za dini, manjano ni redio, na kile kirefu cha chini, chenye kipande cha blanketi, ni cha kunyamazisha. Spika ya sebuleni akaiunganisha na tarakilishi kwa waya. Naam, kwa waya! Simu zetu zingali zinaweza kuiamuru tukiwa nyumbani, lakini hazina tena amri ya mwisho. Limebaki tatizo la umeme, ambao hupotea mtaani petu ilhali Olkaria, palipozalishwa umeme wa mvuke tangu 1981, ni mwendo mfupi tu kutoka hapa. Hilo lina makala yake siku nyingine.

Sasa nikirejea saa kumi husikia muziki kabla ya kufungua lango. Mara nyingine huwakuta akina mama wawili watatu waliohamishwa na ziwa kama yeye, chai mkononi, wakibishana ni mwaka gani wimbo fulani ulipotoka.

Juma la kwanza tu palitokea ugomvi. Kijana, kwa wema wake, alikuwa amezishona zile nyimbo za vipande viwili ziwe kipande kimoja, ili mtu asikatizwe katikati. Mama aliusikiliza wa kwanza hadi mwisho, akamwita mjukuu wake.

"Umetoa mahali pa kugeuza," akamwambia.

"Lakini cucu, siku hizi hakuna haja ya kugeuza."

"Babu yako ndiye aliyekuwa akiinuka hapo."

Kijana hakujibu. Usiku huo alikaa na tarakilishi mpaka saa sita, akazirudisha zote zikiwa nusu mbili. Siku hizi sehemu ya kwanza ikiisha nyumba hunyamaza kidogo, kisha kochi hulia, na mama huinuka taratibu, akaenda mezani, akabonyeza.