Jina Lililomtoka Mwenyewe: Kosa la Kitanzia katika Tamthilia ya Televisheni ya Halston

1.0 Utangulizi

Tamthilia ya televisheni ya Halston, yenye sehemu tano, ilitolewa na Netflix mwezi Mei, 2021. Inahusu maisha ya Roy Halston Frowick (1932-1990), mbunifu wa mavazi wa Marekani, ambaye nafasi yake inaigizwa na Ewan McGregor. Makala haya yanajadili swali moja: ni nini hasa kinachomwangusha mhusika huyu?

2.0 Kupanda na Kuanguka

Halston alianza kwa kutengeneza kofia. Mwaka 1961 Jacqueline Kennedy alivaa kofia yake siku mumewe alipoapishwa kuwa rais, na sifa zikaenea. Baadaye aligeukia magauni. Mwaka 1973 aliiuzia kampuni ya Norton Simon biashara yake pamoja na haki ya kulitumia jina lake. Hapo ndipo lilipo fundo la tamthilia: mauzo yanayompandisha ndiyo yanayoandaa anguko lake.

Ni rahisi kudhani kuwa anasa na dawa za kulevya, zinazoonyeshwa waziwazi, ndizo chanzo. Hizo zinaharakisha tu. Mwaka 1983 aliingia mkataba na JCPenney, maduka ya watu wa kipato cha kawaida, na duka la kifahari la Bergdorf Goodman likaacha kuuza mavazi yake. Kufikia mwaka 1984 alikuwa amepoteza mamlaka katika kampuni yenye jina lake.

Kwa mujibu wa Aristotle, shujaa wa tanzia huangushwa na kosa, si na uovu. Msuko huu si mgeni katika Kiswahili. Katika Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, neno la maji linakua hadi kumshinda aliyelitamka. Tofauti ni kwamba neno la Kinjeketile linatwaliwa na umma, ilhali jina la Halston linauzwa kwa sahihi yake mwenyewe.

3.0 Hitimisho

Kwa fundi cherehani wa Kasulu ashonaye vitenge, jina ni sifa iliyomo vinywani mwa wateja. Akihamia Kibondo huondoka nalo. Likiandikishwa kuwa alama ya biashara, hali hubadilika, kwani Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inaruhusu alama iliyoandikishwa kuhamishiwa mtu mwingine. Kwa hiyo kosa la Halston linaweza kutendeka Kasulu kama lilivyotendeka New York.