Nguzo za Karatasi

Hapa Kituku, daftari likianguka ziwani huharibika mara moja. Je, karatasi yaweza kusimamisha nyumba?

Mwaka 1994 wakimbizi wengi wa Rwanda walifika Goma. Walikata miti mingi ya Virunga, wapate kuni na vijiti vya vibanda. Huko Japani, Shigeru Ban, mchoraji wa majengo, aliona picha za wakimbizi hao wakitetemeka kwa baridi. Akawaza nguzo za karatasi nene, iliyozungushwa kama mwanzi, na turubai juu yake.

Mwaka 1995 tetemeko la nchi lilipiga mji wa Kobe, na Kanisa Katoliki la Takatori likaungua. Ban na watu waliojitolea wakajenga jingine kwa nguzo 58 za karatasi. Lilitumika miaka 10. Mwaka 1999 vibanda 50 vilijengwa Byumba, Rwanda.

Karatasi moja hupasuka. Nyingi zikishikamana hubeba nyumba.