Bibi harusi apendeze, na kesho yake asidaiwe



Kiangazi kimeingia. Mvua zimekatika, njia za kambi zimekauka, na kama kawaida yetu hapa Nyarugusu huu ndio msimu wa harusi. Jumamosi moja unaweza kusikia kwaya mbili tatu, kila moja na turubai lake. Tunafurahi. Mtu akikimbia vita anaacha nyumba, shamba na ng'ombe, lakini haachi kuoa wala kuolewa. Tangu kambi hii ifunguliwe mwaka 1996, watoto waliofika wakiwa wamebebwa mgongoni wamekua, wamefunga ndoa hapa hapa, na leo wana watoto wao.

Lakini kila msimu yanakuja pia maneno ya kesho yake. Deni la turubai, deni la gauni, deni la mchele. Kuna familia zinauza mgao wa mwezi mzima, na kuna zinazoweka kadi ya chakula rehani. Bibi harusi ambaye jana alishangiliwa, leo anapita njia ya nyuma ili asikutane na mdai wake. Tunajua wote jinsi hali ilivyokuwa ngumu mwaka 2023 mgao ulipopunguzwa. Nyumba mpya ikianza na deni katika maisha haya, ugomvi unaingia mapema.

Kwa hiyo mwezi huu tunazungumza na mabibi harusi, na mama zao na shangazi zao. Shauri letu ni moja. Kwa kila kitu mnachotaka kununua, ulizeni kwanza: "Hiki kitabaki au kitaisha?" Kinachobaki, kitoleeni pesa. Kinachoisha siku ile ile, kiazimeni, kikodisheni kwa bei ndogo, au kiacheni.

GAUNI JEUPE

Wengi wanafikiri bila gauni jeupe hakuna harusi. Si hivyo. Desturi hii ilienea Ulaya baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa mwaka 1840 akiwa amevaa nguo nyeupe. Kabla ya hapo wanawake wengi wa Ulaya waliolewa na nguo yao nzuri kuliko zote, ya rangi yoyote. Kwetu nyeupe ilikuja pamoja na wageni na makanisa. Ni nzuri, tunaipenda, lakini haikuandikwa katika amri kumi.

Gauni linavaliwa saa chache tu. Basi ni kitu cha kukodi. Vikundi vya akina mama vinaweza kufanya jambo hili: kushona gauni moja zuri la satini na leisi, likae kwa kikundi, kila bibi harusi alikodi kwa pesa kidogo ya kulifua na kulirekebisha. Mwambieni fundi asiweke zipu mgongoni. Aweke matundu na kamba ya kufunga, ili limkae mwembamba na mnene. Pia aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono, na pindo refu ambalo linaweza kushushwa au kupandishwa.

Halafu msisahau vumbi letu jekundu. Gauni linaloburuta chini linafika kanisani likiwa na rangi mbili. Pandisheni pindo mpaka juu kidogo ya kifundo cha mguu. Shela nalo lisipite kiuno. Na viatu viwe vya chini, kwa sababu kisigino chembamba kinazama kwenye mchanga na bibi harusi anatembea kama mgonjwa. Kiatu cha chini kitabaki, atakivaa hata Jumapili nyingine.

KIKWEMBE CHAKO NI MALI

Hapa ndipo pa kutoa pesa. Kikwembe kizuri kinavaliwa kwenye mahari, kwenye sherehe, kwenye ubatizo wa mtoto, na miaka mingi mbele. Yadi 6 zinagawanywa mara tatu: yadi 2 za blauzi, yadi 2 za kufunga chini, na yadi 2 za kitambaa cha pili cha kujifunga juu au, baadaye, cha kubebea mtoto. Msimruhusu fundi akate yote kuwa gauni moja la kubana. Ukijifungua mtoto wa kwanza halitakuingia tena, na kitambaa kimeshaharibika.

Kabla ya kulipa, loweka ncha ya kitambaa cheupe, isugue juu ya kikwembe. Rangi ikihamia kwenye nyeupe, ujue hicho kitachuja. Rudisha.

Kwa wasomaji wetu wa Kirundi, imvutano ni hazina ya namna hiyo hiyo. Kitambaa kinachofungwa begani kinampendeza bibi harusi bila kushonwa sana, na kinaweza kuazimwa kwa dada au shangazi bila aibu yoyote.

Neno moja juu ya sare. Siku hizi familia inachagua kitambaa kimoja na kila ndugu analazimishwa kununua. Asiyeweza anakaa nyumbani, anasema anaumwa kichwa. Hiyo si heshima. Chagueni rangi badala ya kitambaa. Semeni, "Familia ya bibi harusi tuvae kijani." Kila mtu ataangalia alichonacho, hata kilemba tu kinatosha, na picha itapendeza vile vile.

NYWELE, USO NA MIKONO

Nywele zisukwe siku mbili au tatu kabla, si usiku wa mwisho, ili kichwa kipumzike na maumivu yaishe. Msusi akikaza sana mbele, mwambie alegeze, kwani nywele za kwenye paji la uso zikikatika huchelewa kurudi. Nanyi wasusi, msimpe bibi harusi twende kilioni siku ya furaha! Mistari inayopanda juu na kufungwa kama taji inatosha, na shela linashikilia vizuri hapo.

Sasa tuseme wazi juu ya mkorogo. Wasichana wengi wanaanza kupaka mwezi mmoja kabla ya harusi ili "wang'ae." Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki au haidrokwinoni. Zebaki inapita kwenye ngozi na kuingia mwilini, inaharibu figo, na mama akiwa mjamzito inaweza kumfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu bila daktari inaweza kuleta mabaka meusi ambayo hayatoki. Harusi itaisha, mabaka yatabaki. Ngozi ya bibi harusi inatakiwa maji, usingizi na mafuta ya kawaida. Mama mkwe alimchagua mkwe mwenye rangi ile ile aliyozaliwa nayo.

Wanaopenda hina wachague ile ya majani, inayotoa rangi ya kahawia au nyekundu. Ile nyeusi sana mara nyingi imechanganywa na dawa ya kupaka nywele, na inaweza kuunguza ngozi mpaka ikatoa malengelenge. Ukitaka kujaribu rangi yoyote, paka tone moja ndani ya kiwiko, ngoja siku mbili.

MAPAMBO NA CHAKULA

Vikwembe vya majirani vikitundikwa kuzunguka turubai vinapamba kuliko karatasi za kununua, na jioni kila mtu anachukua chake. Msikate miti mibichi kwa ajili ya mapambo. Miti inatuletea ugomvi na wenyeji wetu.

Fungeni ndoa asubuhi, mle mchana, sherehe iishe kabla ya giza. Hivyo hamhitaji kukodi taa, na wageni wenye watoto wanarudi kwa amani.

Chakula kipikwe kwa hesabu. Kamati ihesabu watu kwanza, si sufuria kwanza. Bugali, maharage, sombe na ndagala vimelisha harusi nyingi Fizi na Uvira, na hakuna aliyeondoka akisema hakuolewa mtu pale. Mchele na nyama kidogo viwe kwa wazee na wageni wa upande wa pili.

Mchango upokelewe kwa pesa au kwa vitu. Tuseme watu 20 wameahidi shilingi 2,000 kila mmoja: hiyo ni 40,000. Kama 5 hawakuleta, mnazo 30,000. Basi pangeni kwa 30,000, msipange kwa ahadi. Mwenye kikombe cha maharage au kuni naye aandikwe kwenye daftari kama wengine. Na sheria ya kwanza ya kamati iwe hii: kadi ya chakula haiwekwi rehani, hata kwa siku moja.

KARATASI INAYOBAKI KULIKO GAUNI

Picha zinafifia, lakini cheti cha ndoa kinahitajika miaka yote. Kinasaidia mume na mke kuandikwa familia moja, watoto kutambulika, na watu wasitenganishwe ikiwa siku moja mtarudi nyumbani au mtapelekwa nchi nyingine. Msiishie kwenye picha na keki. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa, mashahidi wawili wawepo, na wote wawili wakubali kwa hiari yao. Hata ndoa ya kimila inatakiwa kuandikishwa. Muulizeni mchungaji, padri au shehe mapema: "Je, una ruhusa ya kufungisha ndoa, na cheti tutapata?" Mkishakipata, kipelekeni ofisi ya uandikishaji mkarekebishe taarifa zenu.

Juu ya mahari, tunajua shida iliyopo. Ng'ombe na mbuzi walibaki kule. Sheria ya Kongo inataka mahari iwepo. Sheria ya Tanzania inasema ndoa iliyofungwa sawasawa ni halali hata kama desturi za mahari hazikutimizwa. Kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Wazee, kaeni pamoja, taja kiasi ambacho kijana wa kambini anaweza kutoa, andikeni, na msimdai mpaka akakimbia mke wake. Jembe, kikwembe cha mama na mbuzi mmoja aliyelipwa ni heshima kubwa kuliko ng'ombe sita wa maneno.

Na msichana awe ametimiza miaka 18. Kongo ndiyo sheria kwa wote, mke na mume. Burundi ni 18 kwa msichana na 21 kwa kijana. Hapa Tanzania, Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya umri huo vinapingana na Katiba. Mzazi anayesema, "Nikimwoza mdomo wa kula utapungua," ajue kwamba mimba ya mapema inaweza kumrudisha binti huyo nyumbani akiwa na mdomo wa pili. Kama unalazimishwa, dada yetu, mwambie mwalimu, kiongozi wa kijiji chako au watu wa ulinzi wa watoto. Usingoje gauni lishonwe.

KALENDA YA BIBI HARUSI

Miezi mitatu kabla: kaeni na wazee wa pande mbili, hesabuni pesa zilizopo mkononi, chagueni kamati ya watu watano wenye amani. Kama mnahitaji kitu kutoka Kasulu au mgeni kutoka nje, ombeni kibali mapema. Msitume mtu atoke kambini bila kibali, harusi ikageuka kesi.

Miezi miwili kabla: nunueni kikwembe, wekeni nafasi ya gauni la kukodi.

Mwezi mmoja kabla: toeni taarifa ya ndoa. Zile siku 21 zinaanza kuhesabiwa hapo. Fundi achukue vipimo.

Wiki mbili kabla: jaribuni nguo zote mkiwa mmekaa, mmesimama na mkicheza. Mshono unaopasuka, upasuke leo.

Siku tatu kabla: nywele. Bibi harusi asitumwe maji wala kuni. Apumzike.

Siku yenyewe: shangazi mmoja abebe sindano, uzi, kitambaa cha jasho na maji ya kunywa. Bibi harusi ale asubuhi, maana wengi wanazimia kwa njaa, si kwa furaha.

Kesho yake: kamati isome daftari mbele ya wazee. Vilivyoazimwa virudishwe siku hiyo hiyo, vikiwa vimefuliwa.

Wanaooa mwezi huu, hongereni. Nanyi majirani, mkialikwa, msiende na mdomo wa kuhesabu sufuria. Nendeni na vigelegele, na kikombe cha maharage mkononi. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, mpe jirani mwenye binti naye asome.