Punguzo la Mwanafunzi: Pengo Analipa Nani?

Chukua vijana wawili wa Dar es Salaam, wote wana miaka 22 na wote wanasoma chuo. Mmoja yuko Lyon, na mfukoni ana kibali cha ukaazi cha Ufaransa. Mwenzake anasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, amekuja kumtembelea wakati wa likizo. Wakifika kwenye jumba la makumbusho la Louvre jijini Paris, wa kwanza anaingia bure. Wa pili analipa kiingilio kizima, ambacho tangu Januari 2026 ni euro 32 kwa wageni kutoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Kitambulisho cha Mlimani hakimsaidii kitu. Louvre haina haja ya kujua mtu anasoma wapi. Inataka kujua kama hajafika miaka 26 na kama makazi yake yako ndani ya eneo hilo.

Mtanzania aliyekulia kwenye daladala anaijua hesabu ya punguzo, hata kama hajawahi kuiita hesabu. Mwanafunzi aliyevaa sare hulipa shilingi 200, na konda hununa, pengine humwacha kituoni kabisa, kwa sababu nauli iliyopungua hakuna anayemrudishia. Ughaibuni nako swali ni lile lile: kilichopunguzwa kinafidiwa na nani? Anayelijua jibu anaweza kukisia mapema kama mgeni atahesabiwa au la.

Pale Louvre anayebeba mzigo ni umma wa Ufaransa, nao umechagua vijana wanaoishi Ulaya. Kantini za vyuo vikuu vya Ufaransa huendeshwa na taasisi ya umma iitwayo CROUS kwa mtindo huohuo. Mwaka 2019 bei ya mlo wa mwanafunzi ilipangwa kuwa euro 3.30: chakula kikuu, na pembeni vitu vidogo kama saladi, mtindi au tunda. Baadaye wenye ufadhili wa serikali wakalipa euro 1 tu. Mtu huchukua trei, hupita kwenye foleni, kisha huonyesha kadi ya chuo au simu mbele ya mashine ya malipo. Mpita njia asiye na kadi hiyo hutozwa zaidi, na ni haki, kwani si yeye aliyekusudiwa.

Ujerumani mambo ni tofauti, na hapo ndipo wageni wengi hudanganyika. Mwanafunzi wa huko anapanda treni za mikoani na mabasi ya mijini nchi nzima akionyesha simu tu, mtu akadhani serikali imemwonea huruma. Ukweli ni kwamba amekwisha kulipia tiketi yake pamoja na ada ya muhula, apende asipende, hata kama chuo kiko hatua chache tu kutoka chumbani kwake. Tiketi hiyo ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa euro 29.40 kwa mwezi, yaani asilimia 60 ya bei ya kawaida wakati ule. Wanafunzi wamechangiana wao kwa wao. Mgeni wa wiki mbili hana mchango wake humo, hivyo hana fungu.

Uingereza ni biashara tupu. Kampuni za reli zina viti vinavyobaki wazi, zikaona heri kijana alipe theluthi mbili ya nauli kuliko kiti kisafiri bila mtu. Kadi ya reli ya vijana wa miaka 16 hadi 25 huuzwa pauni 35 kwa mwaka, bila kujali pasi ya kusafiria ni ya nchi gani. Aliyevuka umri huo naye hupata, ikiwa chuo kimethibitisha kwamba anasoma muda wote. Lakini mkaguzi akipita ndani ya behewa, tiketi ya bei nafuu bila kadi yenyewe ni kazi bure: utalipishwa nauli nzima.

Kwa anayezunguka nchi nyingi iko ISIC, kadi ya kimataifa ya mwanafunzi iliyobuniwa miaka ya 1950 na kutambuliwa na UNESCO tangu 1968. Ina picha, jina la chuo, tarehe ya kuzaliwa na mwisho wa matumizi. Kwenye piramidi za Giza mwanafunzi wa kigeni hulipa nusu ya kiingilio cha mgeni mtu mzima, na hapo kadi hii humfaa. Umaarufu wake umeiponza pia. Kwa miaka mingi kadi za bandia ziliuzwa hadharani katika mtaa wa Khao San, Bangkok, zikipangwa mezani pamoja na leseni za udereva. Mwenye kadi halali asishangae akikaguliwa kwa jicho kali.

Nafuu kubwa zaidi kwa wengi huja kabla hata ya kuondoka nyumbani. Emirates na Qatar Airways, ambazo hutua Dar es Salaam na Nairobi, huwapa wanafunzi nauli pungufu na nafasi ya mzigo wa ziada, nafasi ambayo unga na dagaa huijaza haraka. Mhudumu wa kaunta anaweza kudai kitambulisho au barua ya udahili, kwa hiyo barua hiyo ikae mkononi, si ndani ya sanduku lililokwisha kupimwa.