Stereo ya chumba kimoja: Jinsi mpangaji anavyoweza kujiundia yake

KATIKA mtaa wa Langas ulioko eneobunge la Kapseret, viungani mwa Eldoret, wapangaji wengi huishi katika chumba kimoja cha upana wa futi 10 kwa 10. Kitanda, meko na viti hugawana nafasi hiyo ndogo, na ukuta mwembamba ndio tu unaomtenga mpangaji na jirani yake. Hata hivyo, chombo cha muziki kinachotamaniwa na vijana wengi wanaohamia humo ni wufa kubwa ambayo ingetosha kutumbuiza ukumbi mzima.

Tamaa hiyo humgharimu mpangaji pesa na ujirani mwema bila kumpa muziki mzuri zaidi. Chumba kidogo hakihitaji nguvu nyingi. Kinachohitaji ni spika mbili nzima, makasha yasiyovuja hewa na kikuza sauti kidogo kinachotumia umeme usio hatari. Vitu hivyo vyote hupatikana kwa mafundi wa redio, kwa maseremala na kwa wauzaji wa vipuri, na mtu mwenye subira aweza kuviunganisha kwa siku mbili.

Ukubwa wa wati

Spika nyingi za kawaida zikipewa wati moja tu hutoa sauti ya desibeli kati ya 85 na 90 kwa msikilizaji aliye umbali wa mita moja. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni takriban desibeli 60. Hii ina maana kwamba wati moja pekee inatosha kumfanya mtu apaaze sauti ili asikike chumbani.

Isitoshe, nguvu ikiongezwa maradufu sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua kwa shida. Ili muziki uonekane umepanda maradufu, nguvu haina budi kuongezwa karibu mara 10. Kwa hivyo, anayelipia wati 100 badala ya wati 10 hapati sauti ya mara 10, bali ya mara mbili.

Aidha, mnunuzi asihadaike na maelfu ya wati yanayoandikwa kwenye maboksi pamoja na herufi PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni inayokubalika. Ni afadhali kutazama kibandiko kilicho nyuma ya chombo, kinachoonyesha kiasi cha umeme kinachotumia. Chombo kinachovuta wati 40 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 za muziki mfululizo.

Kuchagua spika na kuunda kasha

Spika za inchi 4 zilizotolewa kwenye gari au kwenye redio kuukuu zinafaa sana. Kabla ya kulipa, mnunuzi abonyeze karatasi ya spika polepole kwa vidole vya pande zote. Ikikwaruza, koili yake ya ndani imeungua au imepinda. Ukingo wa mpira pia usiwe umepasuka. Fundi mwenye mita aweza kupima ukinzani wake: spika nzima ya omu 4 husoma kiasi cha omu 3 na nusu. Spika mbili ziwe za aina moja, la sivyo upande mmoja utaufunika mwingine.

Spika isiyo na kasha hutoa sauti kavu isiyo na besi, kwa kuwa hewa inayosukumwa mbele hukutana na ile inayovutwa nyuma, zikafutana. Kazi ya kasha ni kuzitenganisha. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, ni mji wa mbao na una kiwanda chake cha plaiwudi, hivyo vipande vinavyobaki kwa maseremala huweza kutumika. Unene wa milimita 12 unatosha. Kasha lenye nafasi ya ndani ya sentimita 16 kwa 16 kwa 24 lina ujazo wa takriban lita 6, kipimo kinachoifaa spika ya ukubwa huo.

Viungo vyote vipakwe gundi ya mbao, na mahali panapopita waya pazibwe kabisa. Ndani ya kasha huwekwa pamba kidogo iliyotolewa kwenye mto wa zamani ili kupunguza mwangwi. Pamba hiyo isishindiliwe.

Kikuza sauti na umeme wake

Hapa ndipo usalama unapohusika. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240 na unaweza kuua. Kapasita kubwa zilizo ndani ya wufa za zamani hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayeanza asizifungue.

Njia salama ni kutumia bodi ndogo ya kisasa inayoendeshwa na volti 12. Bodi zenye chipu ya TPA3116 ya kampuni ya Texas Instruments, kwa mfano, hukubali umeme wa kati ya volti 4.5 na 26. Kwa volti 12 na spika za omu 4, hutoa takriban wati 15 kila upande, nazo ni nyingi kwa chumba cha futi 10. Adapta iliyofungwa vyema kiwandani hutosha. Hata chaja ya kompyuta ya mkononi yenye volti 19 hufaa, mradi iwe nzima na waya wake usiwe umechunika.

Faida nyingine ni kwamba stima zikipotea, bodi hiyo hiyo huunganishwa na betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola. Hata hivyo, betri yaweza kutoa mkondo mkubwa wa kuyeyusha waya na kuwasha moto. Kwa hivyo fyuzi ya ampea 5 iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Bodi nyingi zina skrubu za kukaza waya, hivyo hakuna haja ya kulehemu. Jambo la kuzingatia ni kwamba nyaya hasi za spika mbili zisiunganishwe pamoja kama ilivyokuwa katika redio nyingi za zamani. Kufanya hivyo huweza kuiunguza chipu.

Ili kujua ncha chanya ya spika isiyo na alama, betri ndogo ya volti 1.5 huguswa kwenye ncha zake kwa nukta moja. Karatasi ikiruka mbele, ncha iliyoguswa na upande chanya wa betri ndiyo chanya. Spika moja ikigeuzwa nyaya, besi hutoweka hata kama kila kifaa ni kizima.

Mahali pa kuweka, na jirani

Chumba cha mraba kina tatizo lake. Urefu wa futi 10 hufanya sauti ya besi ya karibu hezi 56 ivume kupita nyingine, na kwa kuwa kuta zote zina urefu sawa, mvumo huo hujirudia pande zote. Spika ikiwekwa pembeni mwa chumba hali huwa mbaya zaidi. Ni heri kuzisogeza mbali na kona, zitenganishwe kwa mita moja na nusu, na msikilizaji akae umbali kama huo kutoka kwa kila moja. Vipande vya ndara kuukuu chini ya makasha huzuia meza isitetemeke.

Besi ndiyo pia inayopenya ukuta kwa urahisi, na ndiyo humfikia mtoto mchanga au mlinzi aliyetoka zamu ya usiku katika chumba cha pili. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vinavyoruhusiwa katika makazi hushuka baada ya saa hiyo. Katiba ya 2010 nayo ilizikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele.

Lakini mpangaji hahitaji kusubiri askari wa kaunti. Aweke muziki wake, afunge mlango, kisha asimame nje ya dirisha la jirani. Akisikia ngoma, apunguze besi kwanza kabla ya kupunguza sauti. Akirudi ndani atagundua kwamba maneno ya wimbo bado yanasikika wazi.