Nyama ya Kuchoma Huanzia Buchani

Watu wakialikwa kula nyama ya kuchoma ikawashinda meno, humlaumu aliyesimama motoni, kwamba mkaa wake ulikuwa mwingi au haraka zake zilizidi. Ilhali taksiri hiyo aghalabu ilikwisha kutendeka tangu asubuhi, pale mnunuzi alipotaja kilo azitakazo, akalipa, akaenda zake, bila ya kumweleza mwuza nyama muradi wake. Nyama ya mchuzi hupewa maji na wasaa wa saa mbili tatu, ikalainika hata kama ni ya shingo au ya muundi. Ya kuchoma haina maji ya kuiokoa, na ugumu itokao nao buchani ndio itakaofika nao mezani.

Ng'ombe waliwao Dar es Salaam, walio wengi, hutoka bara, pande za Shinyanga, Singida na Dodoma, wakaletwa kwa malori hadi mnada wa Pugu, na kutoka hapo wakapelekwa machinjioni, mathalan Vingunguti, ili nyama iwahi kufika mabuchani kabla jua halijapanda. Mnyama aliyesafirishwa mbali, kisha akachinjwa kabla ya kupumzishwa, huishiwa na sukari iliyomo misulini mwake, na sukari hiyo ndiyo ambayo, baada ya kuchinjwa, hugeuka asidi inayoipa nyama wekundu wake wa kupendeza na kuizuia isiharibike upesi. Ikikosekana, nyama huwa nyeusi-nyeusi, yenye kunata kidoleni, wala haikai. Ukiiona hivyo imetundikwa kwenye kulabu, ipite, hata ukiapiwa kwamba imeshushwa sasa hivi.

Na huo upya wenyewe, ambao sisi twausifu mno, una neno. Misuli ya mnyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinjwa, kisha hulegea pole pole, na nyama ya ng'ombe, ikiwekwa penye baridi, huzidi kulainika kwa muda wa siku kadhaa. Ndiyo sababu huko Ulaya wauza nyama huitundika katika vyumba vya baridi kwa wiki moja na zaidi kabla ya kuikata. Sisi twainunua asubuhi, nayo jioni imo motoni, yaani twaila karibu na wakati ule ule wa ukakamavu wake. Mwenye jokofu na ainunue siku mbili kabla ya karamu, aiweke humo bila ya kuigandisha, ila kwa sharti moja: iwe imetoka machinjioni kwa njia ya halali, yenye muhuri wa mkaguzi. Muhuri huo usione haya kuuliza uonyeshwe, maana mwuza nyama mwadilifu haudhiki kwa swali hilo.

Kuhusu sehemu ya kununua, nina ugomvi na wale wanaodhani kwamba kilicho ghali ndicho bora kwa kila jambo. Sarara ni laini, hilo halina shaka, lakini haina mafuta, na mchomaji akighafilika kidogo tu huwa imekwisha kukauka. Mimi huchagua mbavu zenye mafuta ya kiasi, na nundu ikipatikana, kwa kuwa mafuta yake huyeyuka taratibu na kuinywesha nyama huku yakidondokea makaani. Kidari na muundi viachie chungu. Kwa mbuzi, chukua paja au ubavu wa mnyama mchanga, ambaye utamjua kwa mafuta meupe na kwa gegedu laini zilizo mwisho wa mbavu.

Kisha sema mapema, kwani mkono wa mwuza nyama hutangulia ulimi wa mteja: umwambiapo "kilo mbili", shoka limekwisha kupanda, na paja zima limekuwa vipande juu ya gogo, kila kimoja na vigae vya mfupa vilivyojificha ndani. Mwambie, "Kijana wangu, hii ni ya kuchoma, usiipige shoka, nipe mbavu nzima nzima." Naye, kama ni mtu wa kazi yake, atajibu, "Basi subiri, mzee, nikutolee za ndani," akaziacha zile zilizopigwa na upepo mlangoni tangu alfajiri. Mazungumzo hayo mafupi yana faida kuliko viungo vyote vya sokoni.

Atakaye mishkaki anunue mnofu wa paja, aukate kwa kuzipinga nyuzi za nyama wala si kwa kuzifuata, kisha auchanganye na papai bichi lililopondwa, kwani utomvu wake huvunja ugumu wa nyama; lakini asiulaze humo usiku kucha, la sivyo asubuhi atakuta uji. Na mizani itazame kabla nyama haijawekwa, mshale uwe penye sifuri.

Ukitaka nundu kwa karamu ya Jumamosi, mpe mwuza nyama wako habari tangu Alhamisi, na umwachie arbuni, kwa sababu kila ng'ombe ana nundu moja, na wenye mikahawa huamka mapema kuliko wewe.