Mti Unafuata Shamba: Kazi ya Vyama vya Wapanda Miti Katika Kivu ya Kaskazini

Jamaa iliyokimbia vita inaporudi kijijini, swali lake la kwanza ni shamba. Mara nyingi shamba halikubaki vile lilivyoachwa. Mtu mwingine amelima, na pengine amepanda miti. Akiwa amepanda maharagwe, yatavunwa baada ya miezi mitatu, na wazee wanaweza kumaliza neno. Lakini mkaratusi unasimama miaka mingi, na kila anayepita hapo anasema: "Shamba hili ni la yule aliyepanda."

Kwa sababu hiyo tunapenda kueleza kazi ya vyama vya wapanda miti na mafundi wa misitu katika jimbo letu. Watu wengi wanafikiri kazi yao ni kugawa miche tu. Kumbe kabla ya mche kuingia udongoni wanapaswa kuuliza swali zito: shamba hili ni la nani? Likijibiwa vizuri, miti inaleta kuni, pesa na amani. Likiachwa, miti hiyo hiyo inaleta ugomvi utakaorithiwa na watoto.

Kwa nini tunapanda miti

Wakaaji wengi wa Goma na wa miji mingine ya jimbo wanapika kwa makala. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala hayo imetoka katika Mbuga ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 na yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 7,800. Sheria inakataza kukata miti ndani yake.

Vita imeongeza shida hiyo. Mwaka 1994 wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walipiga kambi karibu na mbuga, kule Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo. Walihitaji kuni kila siku, na katika miaka miwili hivi zaidi ya kilomita za mraba 100 za msitu ziliharibiwa. Kuanzia mwaka 2022 watu wetu wenyewe kutoka Rutshuru, Nyiragongo na Masisi walijaa Kanyaruchinya, Bulengo na Rusayo. Wamama waliingia porini kutafuta kuni, na wengi walibakwa huko. Mwezi wa Januari 2025 kundi la M23 liliteka Goma, na mwezi wa Februari kambi zilizozunguka mji zikavunjwa. Wengine walirudi kwao, wengine wakapokelewa na jamaa nyingine. Lakini kokote walikofika, chakula kinahitaji moto.

Hatuwezi kumwambia mama asikate mti kama hatumwonyeshi mahali pengine pa kupata kuni. Ndiyo sababu ya kupanda miti nje ya mbuga. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala pamoja na vyama vya wenyeji wa Kivu ya Kaskazini. Wazo lilikuwa jepesi: mkulima apande miti inayokua upesi katika shamba lake, akate, achome makala na kuuza bila kujificha. Katika miaka iliyofuata maelfu ya hekta zilipandwa namna hiyo, na leo vyama vingi vinajua kazi hii vizuri.

Chama kinafanya nini

Chama kizuri cha wapanda miti kinaunganisha wakulima na mafundi waliosomea misitu au kilimo. Kazi yake inafuata hatua hizi:

1. Kuandaa kitalu. Miche inatunzwa miezi mitatu hadi mitano ili iwe tayari mvua inapoanza, mwezi wa tisa au mwezi wa tatu.

2. Kukagua shamba. Fundi anatembea kwenye mipaka pamoja na mwenye shamba, majirani na chifu. Anauliza nani alilima hapo mbele ya vita, na kama kuna mtu aliyekimbia anayelidai.

3. Kuandika mkataba. Unataja jina la mpandaji, jina la mwenye shamba kama ni mtu mwingine, ukubwa wa shamba na aina ya miti.

4. Kufundisha kupanda. Miche ikiachana mita 2.5 kila upande, hekta moja inachukua miche 1,600. Mkaratusi hupandwa mbali na chemchemi na mbali na mimea ya chakula, kwa sababu unanyonya maji mengi. Gerivilea inaweza kukaa pembeni ya maharagwe na migomba bila kuyadhuru sana.

5. Kurudi kuhesabu. Mche unaokufa haumfaidii mtu. Fundi anarudi kuona ni miche mingapi imeshika, na ipi ya kurudishia.

6. Kufundisha kuchoma makala. Katika tanuri la kienyeji, kilo 100 za kuni kavu zinatoa kilo 10 hadi 15 za makala. Tanuri lililojengwa vizuri linaweza kupita kilo 20. Maana yake, kwa makala yale yale mkulima anakata miti michache zaidi.

Hatua ya pili ndiyo inayoharakishwa zaidi ya zote, kwa sababu mvua imekaribia na miche inangoja. Lakini siku mbili zinazotumika kuuliza majirani zinaweza kuokoa miaka kumi ya kesi.

Sheria inasema nini

Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, kifungu cha 9, inasema kwamba miti iliyo ndani ya kijiji au karibu kabisa na kijiji, au ndani ya shamba la wengi ama la mtu mmoja, ni mali ya kijiji au ya mtu ambaye shamba ni lake. Tuielewe vizuri: mti unafuata shamba. Kupanda mti katika shamba la mwingine hakulifanyi shamba hilo kuwa lako.

Watu wengine wanauliza: "Lakini si udongo wote ni wa Serikali?" Ni kweli, sheria ya udongo ya mwaka 1973 inasema hivyo. Mtu anakuwa na haki ya kuutumia. Tena Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu mmoja au ya wengi iliyopatikana kwa njia ya sheria au ya desturi. Kwa hiyo yule asiye na karatasi ya Serikali, lakini ambaye mababu zake walipewa shamba kwa desturi na majirani wanalijua, si mtu asiye na haki. Kukimbia vita si kuuza shamba, wala si kulitupa.

Desturi nayo ina neno lake. Katika vijiji vingi anayekodi shamba, au anayelima kwa salongo, yaani kwa kulipa siku za kazi, anaruhusiwa kupanda maharagwe, viazi au mahindi, lakini si miti. Wazee wanajua kwamba mti ni alama ya kudumu. Anayepanda mti bila ruhusa anaonekana kama mtu anayetaka kubaki na shamba, hata kama nia yake ilikuwa kupata kuni tu.

Ikiwa miti imekwisha kupandwa

Tuchukue mfano. Jamaa fulani ilikimbia mwaka 2022. Mwaka 2023 mtu mwingine akapanda mikaratusi katika shamba lao. Pengine alifanya kwa hila, pengine alinunua kwa mtu ambaye hakuwa na haki ya kuuza, na alitoa pesa yake kwa nia njema. Sasa jamaa imerudi. Wafanye nini?

Jambo la kwanza ni kutokata na kutochoma miti hiyo usiku. Mwenye haki akifanya hivyo, anageuka kuwa mshitakiwa, na damu inaweza kumwagika. Aende kwa chifu, kwa wazee, kwa chama cha wapanda miti au kwa kamati ya amani ya kijiji. Alete mashahidi wa mipaka, na karatasi yoyote iliyobaki.

Fundi wa misitu anasaidia hapo kwa kujibu maswali ambayo wazee hawawezi kuyajibu peke yao: miti ina umri gani, ni mingapi, ina bei gani, na itakatwa lini. Mkaratusi kwa kawaida uko tayari kwa makala na kwa nguzo baada ya miaka mitano hadi saba. Wenye ugomvi wakijua hayo, wanaweza kuchagua njia moja kati ya hizi:

- Mpandaji anakata mara moja, kwa mfano kabla ya mwisho wa mwaka 2029, kisha anarudisha shamba.
- Wanagawana mavuno, kwa sehemu zilizoandikwa mbele ya mashahidi.
- Mwenye shamba anamlipa mpandaji gharama ya miche na kazi, na miti inabaki yake.
- Miche ikiwa bado midogo, inang'olewa na kupelekwa kwenye shamba la mpandaji mwenyewe.

Kuna neno moja ambalo mapatano mengi yanasahau. Mkaratusi ukikatwa, kisiki kinachipuka tena, na baada ya miaka michache unakatwa mara ya pili. Mapatano yasiposema machipukizi ni ya nani, ugomvi uliokwisha mwaka wa kwanza unazaliwa upya. Iandikwe wazi: "Baada ya mkato wa kwanza, visiki na machipukizi ni vya mwenye shamba."

Wale wasio na shamba

Tusifichane: kazi hii inamfaidi kwanza mwenye udongo. Jamaa iliyopokelewa kwa wengine, au iliyohama mara mbili tatu, inaweza kuona miti ya wenzake inakua huku yenyewe haina hata kuni za jioni. Chama kinachojali amani hakiwaachi hao nje. Kitalu kinahitaji watu wa kumwagilia, kujaza udongo na kubeba miche, na kazi hiyo inaweza kupewa waliohamishwa kwa malipo. Matawi yanayopunguzwa yanaweza kuachiwa wamama wa jamaa zilizopokelewa, kwa siku zinazojulikana, ili wasiende mbugani. Jiko bora linapunguza makala ya kila siku, iwe nyumba ina shamba au haina.

Wajane nao wafikiriwe. Mara nyingi shamba linaandikwa kwa jina la bwana, naye akifa au akipotea vitani, ndugu zake wanalichukua pamoja na miti. Majina ya mume na mke yakiandikwa wote wawili katika mkataba wa miti, mama anakuwa na kitu cha kuonyesha mbele ya wazee.

Tunawaomba nini

Kwa jamaa zinazorudi: tembeleeni mipaka yenu pamoja na majirani wa zamani mapema, kabla ya msimu wa kupanda. Msipande miti kwa haraka ili kuziba njia ya mwenzenu. Kama mnakaa ugenini, ombeni ruhusa kwa mwenye shamba mbele ya shahidi, hata kwa miti kumi.

Kwa machifu na bami: msigawe shamba la aliyekimbia kana kwamba amekufa. Akilima mtu mwingine kwa muda, mwambieni wazi kwamba ni kwa muda, na kwamba miti haipandwi. Wekeni daftari la mashamba yaliyoachwa, lenye majina ya wenyewe na ya wanaolima sasa.

Kwa vyama na mafundi wenzetu: tusihesabu miche tu katika ripoti. Tuhesabu pia mashamba ambayo mipaka yake ilikaguliwa pamoja na majirani, na mapatano yaliyoandikwa. Hekta kumi zisizo na ugomvi zina faida kuliko hekta mia zitakazofikishwa mahakamani.

Mti uliopandwa leo utakatwa karibu na mwaka 2031 au 2032. Watakaoukata wanapaswa kuwa bado majirani. Kwa hiyo, kabla ya kuchimba shimo, tukae kwanza na kusemezana.